Nimefunga Choo

Tarehe 4 Machi

Mwanangu Chiriku,

Pokea salamu zangu, na usishtuke kwa mwandiko huu. Ni mimi baba yako. Najua umezoea barua za mama yako, zenye habari za kila mtu mpaka za kuku wa jirani. Mimi kwenye kuandika simo, lakini mama yako siku hizi mikono yake ina shughuli, kwa hiyo kalamu imenidondokea mimi. Simu yake iliingia kwenye ndoo ya maji. Hata ingekuwa nzima, unayajua masikio yangu, ningeishia kusema haloo haloo mpaka salio liishe.

Sisi ni wazima. Mama yako hajambo, amekaa tu. Cherehani nimeifunika kwa muda maana kuna jambo limenishika.

Jambo lenyewe ni choo. Nimefunga choo tangu Jumamosi iliyopita, na mpaka leo hakuna kinachoshuka. Kinateremka kidogo, kinasimama, halafu kama kinataka kurudi. Juzi nilisukuma kwa nguvu zangu zote hadi jasho likanitiririka, nikasikia kitu kinalia ndani, kraa, nikaacha. Nimemwita mtaalamu. Akainama, akachungulia kwa tochi, akatikisa kichwa. Anasema tatizo liko kwenye mpindo wa chini, umepinda vibaya, na dawa yake ni kukata. Sikupenda alivyosema hilo neno kukata, kana kwamba ni jambo dogo. Nikamwambia nitafikiri.

Sasa wewe uko hospitali kubwa, na hapo hawakosekani watu wanaojua mambo haya. Ulizia polepole, usiseme ni baba yako, maana ni aibu mtu mzima kushindwa na choo. Mama yako anakusalimu. Anasema usome, mtihani uko karibu, ya nyumbani uyaache nyumbani.

Ni mimi baba yako,
Fundi


Tarehe 11 Machi

Shikamoo baba,

Barua yako nimeisomea kwenye korido ya wodi nikiwa na trei ya dawa mkononi, na nusura niimwage. Baba, kwa nini hukuniambia mapema? Tangu Jumamosi ile mpaka barua inanifikia ni siku nyingi mno. Na usione aibu. Hapa hilo ndilo tunalowauliza watu kila asubuhi kabla hata ya kuwauliza wamelalaje.

Nimemuuliza daktari wa zamu. Sikutaja jina lako, nilisema ni mzee mmoja wa mtaani kwetu, akanitazama akasema, "Mpe pole baba yako." Anataka kujua kama umeona damu. Sasa fanya hivi. Usisukume. Narudia, usisukume kwa nguvu, unaweza kupasua kitu. Maji kwa wingi, asubuhi kabla ya jambo lolote, mchana na jioni, na ya uvuguvugu ndiyo mazuri. Papai bivu kila siku. Mafuta ya nyonyo kijiko kimoja jioni, kisizidi. Na mwendo pia unasaidia, zungukazunguka uani.

Huyo mtaalamu wa tochi ni nani? Ana cheti? Mwambie binti yangu amekataa, usinikate. Mambo ya kukata yanafanyika hospitali, na watu wakiwa wamevaa glavu.

Mama naye mikono yake ina shughuli gani, ya kushindwa tangu mwaka uanze hata kuandika "nakusalimu"? Mwambie nimenuna. Mtihani wa mwisho ni tarehe 22 Aprili. Nikiukosa narudia mwaka mzima, lakini ukizidiwa niambie, nitakuja.

Mwanao,
Chiriku


Tarehe 19 Machi

Mwanangu Chiriku,

Barua yako nimeisoma kwa miwani, nikaisoma bila miwani, na bado naona giza. Lakini wewe ndiye msomi wa nyumba hii, nikafanya ulivyosema.

Maji nimetia asubuhi, mchana na jioni, tena ya uvuguvugu. Yamepanda mpaka ukingoni yakabaki yananitazama. Mafuta ya nyonyo, kijiko niliona ni kidogo mno kwa kazi ile, nikamimina chupa nzima. Kilichoteleza ni mimi mwenyewe, sakafuni. Papai nililinunua, bivu kweli, nikasimama nalo pale kitambo, nikashindwa. Nilijiuliza, kitu kimeshaziba, kwa nini nikiongezee papai? Damu sikuiona. Kuna kutu kidogo pembeni. Na huo mwendo, nimeizunguka nyumba mpaka majirani wakaniuliza nimepoteza nini.

Yule mtaalamu nimemfikishia ujumbe wako kwamba asinikate. Akanitazama sana. Ni kweli ana msumeno, lakini ni mtu mpole, sijui kwa nini umemdhania vibaya. Mimi naona bora nifumue chote nianze upya.

Nilimshikia mama yako barua akaisoma. Alipofika kwenye mafuta akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi, na mimi nikacheka kwa kumwona anacheka, ingawa sikujua tunacheka nini. Nikamuuliza. Akasema neno, sikulipata. Nikamsogezea sikio, akalisema tena, nikakosa tena. Mwisho akanyoosha kidole kwenye papai. Nikamkatia, akala nusu nzima. Sikuelewa, lakini nilifurahi, maana siku hizi chakula anakigusagusa tu.

Usije. Soma.

Baba yako,
Fundi


Tarehe 25 Machi

Baba yangu, shikamoo,

Naandika nikiwa nimekaa kitandani na vitabu nimevifunga, kwa sababu sioni herufi. Baba, umenichanganya kabisa. Nilimsomea daktari pale penye msumeno, akavua miwani. Nikamsomea pale penye kutu, akanivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mzee wangu hupotea njia, au huita vitu kwa majina yasiyo yao. Nilimkatalia, nikamwambia baba yangu anakumbuka vipimo vya kiuno vya mtaa mzima. Lakini usiku huo sikulala.

Mwili wa mtu hauna kutu. Chupa nzima ya mafuta ya nyonyo ingekulaza chini juma zima, na wewe unaniambia umeteleza sakafuni! Na unataka kujifumua nini? Mtu hafumuliwi kama suruali. Nakuuliza kwa upole, tafadhali usikasirike: unajua leo ni siku gani?

Halafu kuna neno moja. Umeandika kwamba ulimshikia mama barua. Kwa nini umshikie? Mama ana mikono miwili. Nimelisoma neno hilo mara nyingi kuliko mengine yote.

Nataka mstari mmoja wa mkono wa mama. Mmoja tu, hata jina lake. Mwandiko wake naujua, usijaribu kuuiga. Usiponifikia nitapanda basi, na mtihani ukae.

Mwanao,
Chiriku


Tarehe 31 Machi

Mwanangu,

Leo ni Jumanne. Kichwa changu kizima.

Nilipofika kwenye "mwili wa mtu" ndipo taa ikaniwakia. Nikacheka peke yangu kwenye kiti cha cherehani, mwishowe kicheko chenyewe kikaniishia. Ulikuwa unalia kule kwa ajili ya tumbo langu, na tumbo langu halina neno. Choo ninachokuandikia ni choo. Cha kukaa, cheupe, kimesimama kwenye kona ya chumba chetu nilikojenga ukuta mdogo. Nilikinunua, nikakifunga kwa mikono yangu, ndiyo maana nikaandika nimefunga choo. Mtaalamu ni fundi bomba. Sikumwita fundi kwa sababu fundi wa nyumba hii ni mmoja.

Sasa utaniuliza cha nini, na uani kuna choo. Hapo ndipo nilipokuwa napakwepa. Mama yako alinikataza, lakini ameona barua yako, akafumba macho, akaitikia kwa kichwa.

Mwezi wa Januari alianguka akienda uani. Kiharusi. Upande wa kulia wote ulilala, mkono na mguu, na ulimi ukawa mzito. Alilazwa, akatibiwa, akaruhusiwa. Anaendelea vizuri: anasimama akishika kitu, anapiga hatua za kuburuta mguu. Maneno yanamtoka, ila yanatoka yamelowa, na masikio yangu unayajua. Tumekuwa watu wa ajabu humu ndani, mmoja hasemi vizuri na mwingine hasikii vizuri. Alisema ukijua utaacha mtihani. Nikakubali kukudanganya.

Choo cha uani ni cha kuchuchumaa, na kuchuchumaa hawezi. Ninambeba, namshikilia. Mama yako, mwanangu, ambaye miaka yote hii sijawahi kumwona hata akichana nywele mlango ukiwa wazi. Nikimshikilia anageuza uso ukutani. Halalamiki. Baadaye nikaona ameacha chai. Maji hagusi. Anakula vijiko viwili anasema ameshiba. Nilidhani ni ugonjwa, kumbe alikuwa anajinyima ili asihitaji kubebwa. Nilipolijua hilo nilitoka nje nikalia.

Ndiyo nikaazimia kumfungia choo ndani. Fundi bomba angeifanya kazi siku moja, najua. Lakini nguo ya harusi nilimshonea mwenyewe, na hiki nilitaka nimfungie mwenyewe. Bomba la kutolea uchafu nikalikata kama ninavyokata suruali, nikaacha la ziada kwa ajili ya pindo. Likawa refu. Nikalilazimisha likaingia huku limebinuka, sasa linapanda badala ya kushuka, na maji hayakubali kupanda mlima.

Na kicheko chake nimekielewa. Mimi nilifunga choo cha kauri, yeye ndiye aliyekuwa amefunga choo kweli. Papai lako, maji yako ya uvuguvugu na kijiko cha mafuta vilimfikia mwenye ugonjwa, na vimemsaidia. Wewe ulimtibu mama yako bila kujua.

Usiache mtihani. Ataumia kuliko alivyoumia Januari.

Baba yako,
Fundi


Tarehe 6 Aprili

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo,

Nina hasira na ninyi, nataka mjue hivyo kabla sijasema jingine. Asubuhi barua ilipofika nilikuwa nimetoka kumlisha uji bibi mmoja wa kitanda cha dirishani. Kiharusi, upande wa kulia. Namfuta mdomo, namsifia akimeza vizuri, namnyoosha vidole kimoja kimoja. Tangu Januari nafanya hivyo kwa mama za watu, na mama yangu mwenyewe yuko nyumbani anajinyima maji. Nililia stoo ya mashuka. Nitawasamehe, lakini si leo.

Haya, choo. Nimekwenda kwa fundi bomba wa hospitali, safari hii nikasema wazi ni baba yangu. Alipofika kwenye pindo alicheka mpaka akashika ukuta. Anasema bomba halina pindo, baba. Likate lifike pale linapofika, basi. Literemke tangu chini ya choo mpaka kwenye shimo, mteremko mdogo lakini usiokatika, na pasiwe na mahali linapoinuka tena. Vile vipande unavyounganisha vifute vikauke kabisa ndipo upake gundi, uviache mpaka kesho yake. Kabla hujafukia udongo, mwaga ndoo moja kwa mkupuo uone inavyokwenda. Kwenye koki ya kuingiza maji ile tepu nyeupe ya kuzuia kuvuja izungushe kufuata upande unaokazia, la sivyo itajifumua. Maji yakiwa hayaachi kutiririka ndani ya tangi, lishushe boya kidogo. Na hayo mafuta ya nyonyo, sabuni na maji ya moto, mara nyingi, kabla mama hajakanyaga pale.

Sasa sikiliza langu, mimi muuguzi. Ukutani weka bomba la chuma la kushikia, upande wa kushoto, kwenye mkono wake mzima, liingie kwenye tofali na siyo kwenye plasta. Mlango ufungukie nje, ili akianguka asiuzibe kwa mwili wake. Na komeo la ndani lisiwepo. Nimeona watu wakianguka nyuma ya komeo. Hilo sitaki mjadala.

Kuhusu mtihani, sikuahidi kitu. Nilitaka mstari mmoja wa mkono wa mama na bado nautaka. Ana mkono wa kushoto. Kabla ya tarehe 20 nisipouona, napanda basi.

Chiriku


Tarehe 11 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Kinashuka! Nililikata pindo, nikaunganisha, nikasubiri, nikamwaga ndoo, ikaondoka na sauti ambayo hata mimi niliisikia. Nikamwaga nyingine kwa furaha tu. Kisha tangi likakesha linatiririka, nikalishusha boya kama ulivyosema, likatulia.

Lakini bado mambo yamenivuruga. Lile bomba la kushikia nililifunga kushoto, nikalining'inia mwenyewe, imara. Mama yako akakaa, akatafuta, hakuna. Kumbe nilipima nikiwa nimekitazama choo, na kushoto kwangu mimi niliyesimama ni kulia kwake yeye aliyekaa. Miaka yote nimeshona makoti sijawahi kukosea mkono. Nimelihamisha. Matundu yaliyobaki nimeyaziba kwa sabuni ya kipande, usimwambie fundi wako.

Mlango nilianza na pazia, nikalishona vizuri, na bitana ndani. Mama yako akalishika, akaliachia, akaniomba nimpeleke uani. Basi nikamwita seremala, ameweka mlango wa mbao, unafungukia nje.

Na sasa kwenye komeo ndipo tuliponasa. Anakwenda mpaka pale kwa miguu yake, anaingia, anausogeza mlango, anapapasa mahali komeo linapokaa, halafu anatoka vilevile alivyoingia. Juzi alinitazama usoni akasema, "Ko-me-o." Hilo nililisikia. Wewe unasema lisiwepo, yeye anasema liwepo, na nikimkumbusha maneno yako anageukia ukutani kama zamani. Chai ameacha tena. Najua wewe una haki ya kuogopa, naye ana haki yake, na mimi niko katikati na bisibisi mkononi.

Kalamu nimemwekea kushoto. Anaigeuza, anaiweka chini. Sitakuandikia mstari wake wala sitakudanganya tena. Ukija, mlango uko wazi.

Baba yako,
Fundi


Tarehe 14 Aprili

Chiriku,

Mkono wa kushoto. Vumilia, herufi zinakwenda zinakotaka.

Baba yako jana alikaa kwenye cherehani. Kashona mkanda wa turubai wenye tundu, kaupigilia kwenye mlango, na ukutani kapigilia kipande kingine chenye kifungo kikubwa cha koti. Ndilo komeo langu. Kifungo kakishona kwa uzi mmoja tu, ili nikianguka avute mlango mara moja uzi ukatike. Anadhani sijaona. Nimeishi na fundi, uzi naujua.

Kufunga kifungo kwa mkono mmoja ni kazi. Nimeweza.

Baba yako alifunga choo, maji yakamgomea. Mimi nilifunga choo, papai lako likanifungua. Leo nimefunga choo mwenyewe, kwa ndani, nimo humu nakuandikia, karatasi iko gotini.

Anagonga. Namjibu, hasikii. Mwache agonge kidogo.

Nenda kwenye mtihani.

Mama